Masizi ya Chumba cha Tatu

Mama mlinzi wa makaburi ya kale hapa kwetu kisiwani Sant'Antioco hufagia vyumba vyote kimyakimya, ila kwenye cha tatu hupiga hodi kwanza. Watu wa kale walizikana humo mwambani. Baadaye maskini wakahamia humo kuishi, na mlinzi akazaliwa katika hicho cha tatu. Juzi fundi Efisio alitoka mjini Cagliari kuja kusugua masizi ya ukuta wake, jiwe la kale lionekane.

"Shangazi, hebu sogea. Uchafu tu huu."

"Uchafu wewe na hayo mandevu! Huo moshi wa mama yangu. Maharage yetu yalipikwa hapo."

Efisio akacheka, akaendelea kusugua. Mlinzi akakandamiza kiganja kwenye masizi yaliyobaki mpaka kikawa cheusi, kisha akakiingiza mfukoni taratibu.