Gharama Iliyokwisha Kuzikwa

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kumbukumbu yangu imekataa kuiachilia. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza shahada ya pili, nikaja kupumzika kijijini Mwamkulu kwa baba mdogo, aliyekuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Yeye akapanda treni kwenda Tabora, akaniachia ufunguo na neno moja: "Msomi, usinifukuzie watu."

Mavuno yalikuwa haba, na mashine ilikuwa imelala wiki ya pili. Ndipo akafika Mama Nestori, mkulima wa Kirundi kutoka Kasekese, na magunia arobaini ya ukoo wake mzima kwenye tela la trekta. Akaomba tumpunguzie bei.

Nikachukua kalamu. Nikaigawa bei ya kununulia mashine kwa miaka yake ya kazi, nikalibebesha kila gunia fungu lake, kisha nikaongeza dizeli na ujira wa mwendeshaji. Bei ya mama haikufika.

"Mama, kwa bei hiyo tunapata hasara."

"Hasara ipi, baba? Mashine si imelala tu? Na pumba nawaachia, kama siku zote."

"Hesabu ndiyo inavyosema."

Aliitazama karatasi yangu, akacheka. "Haya, iambie hesabu ije ikoboe." Akamwashiria dereva ageuze.

Kwetu pumba hubaki kwa mwenye mashine, na wafugaji wa Kisukuma walikuwa wakizipangia foleni kwa ajili ya ng'ombe wao. Sikuziandika popote. Nilihesabu kilichokufa, nikasahau kilicho hai.

Baba mdogo aliporudi na kusikia, hakufoka. Aliketi juu ya gunia tupu.

"Pesa ya mashine hii niliizika siku niliyoinunua," alisema. "Wewe umekwenda kumdai Mama Nestori rambirambi."

Kasekese yote ikahamia kwenye mashine nyingine, ya Misunkumilo. Msimu uliofuata baba mdogo aliiuza yake, akarudia jembe na magoti yake mabovu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya baba mdogo ilipotea daftari likiwa wazi mezani. Sikumwomba radhi. Nilikuwa bado natafuta maneno yaliyo sahihi alipofariki.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kazi ya siku chache ikibisha hodi, jiulize ni nini kitakachobadilika ukiikubali. Dizeli itaungua: ihesabu. Mwendeshaji utakayemwita kwa kazi hiyo, mhesabu. Kipuri kitakacholika kwa kazi hiyo, nacho kihesabu. Kama mashine ingekuwa na kazi nyingine, au mnunuzi anayesubiri, hesabu utakachokikosa. Na kinachoingia kihesabu chote, hata pumba. Lakini bei uliyonunulia, maji yakimwagika hayazoleki. Iwe umekubali au umekataa, imeshatoka. (Siku utakapofikiria kununua mashine mpya, hapo bei yake itakuwa na neno. Usiyachanganye maswali haya mawili, kama nilivyoyachanganya mimi.)

Mungu akujalie jicho la kuona kilicho hai mbele yako, akupe na mtu wa kukukemea, na ulimi mwepesi wa kumwomba radhi angali anakusikia.