Nafasi Hile Hapewe Mwingine

Nilipoajiriwa ukarani wa masijala katika ofisi moja ya serikali mjini Tabora, amri ilikuwa imetoka kwamba shughuli zote ziendeshwe kwa Kiswahili. Majalada yenye vichwa vya Kiingereza yakawa yanafungwa na mapya yanafunguliwa. Kazi yangu ilikuwa kupekua jalada moja moja, kuona kama kila barua iliyoingia ina jibu lake, kisha kuipa namba mpya.

Mkuu wangu alikuwa mzee wa Kiarabu, mzaliwa wa hapo hapo mjini, mpole lakini mkali wa karatasi. "Ukisoma humu, binti yangu," aliniambia, "unasahau humu humu." Nikaitika. Kwa miezi miwili nilisahau vizuri tu.

Asubuhi moja nilifungua jalada la maombi ya mafunzo ya uuguzi, la mwaka uliofuata uhuru. Nikaona jina la dada yangu.

Nilitabasamu kwanza. Nilikumbuka alivyoandika ombi lile, akichana karatasi na kuanza upya. Alisubiri jibu mwaka mzima. Kila Ijumaa alimwuliza baba kama kuna barua, na baba, aliyekuwa fundi viatu na kupokea barua zetu kibandani kwake, alijibu, "Bado, mama." Mwishowe dada aliacha kuuliza. Akaolewa na mfanyakazi wa reli, akahamia Tura.

Nikageuza karatasi. Iliyofuata ilikuwa nakala ya jibu, kwa Kiingereza: amekubaliwa, aripoti mwanzoni mwa mwezi. Nikageuza tena, nikakuta barua fupi kwenye karatasi ya daftari la shule.

"Kwa Bwana Mkubwa. Kuhusu barua yako yenye namba hiliyo juu, nafasi hile hapewe mwingine. Kwangu haiwezekani."

Chini yake palikuwa na sahihi ya baba kwa herufi za Kiarabu, maana hizo tu ndizo alizojua. Lakini mwandiko wa barua yenyewe ulikuwa wangu. Nilikuwa darasa la tatu wakati ule, na mwalimu alikuwa akinichapa kwa kutia "h" pasipohitajika. Baba alinitumia kuandika barua zake zote, yeye akisema, mimi nikiandika. Namba ile niliinakili kutoka kwenye karatasi ya Kiingereza ambayo sikuweza kuisoma. Sijui yeye alisomewa na nani.

Sikulia. Nilibaki nimesimama, hata mzee akaja kuniuliza, "Umeumwa na nini?" Nikamwonyesha. Alisoma zote tatu, akanitazama, akazisoma tena.

"Huyu ni nani kwako?"

"Dada yangu, shikamoo." Nilichanganyikiwa kiasi hicho, tulikwisha amkiana tangu asubuhi.

"Marahaba," alisema taratibu. "Na baba?"

"Alifariki mwaka jana."

Alikaa kwenye mashine, akapiga chapa barua ile ya kukubaliwa neno kwa neno, akaandika chini "Nakala halisi", akagonga mhuri. Mzee ambaye hakuruhusu hata bahasha tupu ivuke mlango! "Hii ni haki ya mwenyewe," alisema. "Nyingine mbili zinabaki."

Jumamosi nilipanda treni hadi Tura. Dada alikuwa anapepeta mtama nyuma ya nyumba, mwanawe mdogo mgongoni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na mwandiko ulikuwa wa nani nikamweleza pia. Nilitarajia anifukuze.

Ungo ukamtoka mikononi. "Walinikubali?"

"Dada, ni mimi niliyeandika..."

"Ulikuwa mtoto. Nakuuliza, walinikubali?"

"Walikukubali."

Akaketi chini kwenye makapi. "Miaka yote hii," alisema, "najua nilishindwa. Wauguzi wakija kijijini najificha ndani, nisiwaone." Akamtaja baba kwa jina lake, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilifanya. Nikaketi kando yake, nikamshika bega.

Shemeji aliporudi kutoka relini alitukuta hivyo hivyo, kuku wakila mtama uliomwagika. Alidhani kuna msiba. Dada akampa ile karatasi. Kiingereza kidogo alikuwa nacho, cha kazini. Aliisoma akifuatisha kwa kidole, midomo ikicheza, akafika kwenye mhuri, akarudi juu kwenye jina.

"Mke wangu," alisema, "mbona hukuwahi kuniambia kama uliomba?"

"Ningekuambia nini?" dada alijibu. "Nilikuwa naona aibu."