Mwenyeji wa Kwenye Picha

Wageni walikuwa wanamwamkia dereva. Kila Jumamosi asubuhi mambo yalikuwa hayo hayo: basi dogo linasimama mbele ya hoteli katikati ya Sydney, mlango unafunguka, anapanda mtu mwenye kofia mpya na mafuta ya jua yasiyoenea puani, anamkazia macho Ninahazwe pale kwenye usukani, anaweka mkono kifuani na kumshukuru kwa kuwakaribisha kwenye ardhi ya mababu zake. Ninahazwe, ambaye mababu zake wamelala Makamba, kusini mwa Burundi, alikuwa akijibu kwa adabu, "Mwenyeji ni yule," na kumwonyesha Shonelle, aliyekaa kiti cha mbele akimalizia mkate wake. Mgeni anamtazama Shonelle, nywele za rangi ya majani makavu, madoa ya jua uso mzima, ngozi nyeupe kuliko ya nusu ya wageni wenyewe, na adabu inamwishia palepale. "Ah," anasema, kama mtu aliyeletewa soda ya moto.

Ile "ah" Ninahazwe aliichukia. Shonelle ni wa wenyeji wa asili wa Australia, watu weusi; alizaliwa hatua chache kutoka kwenye ghuba walikokuwa wakienda kupiga mbizi, na bibi yake alizaliwa hapohapo, na mama wa bibi yake, na wote waliotangulia, nyuma kabisa kabla meli ya kwanza ya Mzungu haijatia nanga. Weupe wake una historia yake na historia yenyewe haichekeshi. Serikali ilimchukua bibi yake angali mtoto, ikampeleka kwenye nyumba ya wazungu akafundishwe kufua na kufagia, na aliporudi ghubani akiwa msichana mkubwa alirudi na mimba. Anayetaka kujua mbona Shonelle ni mweupe angeanza na bwana wa nyumba ile. Lakini wageni hawakuwa wakiuliza. Walikuwa wakisema "ah" na kwenda kukaa nyuma.

Shonelle mwenyewe alikuwa akiyageuza kuwa mzaha. Alisema babu zake walisahaulika kwenye jua wakapauka. Kazi yake aliifanya kwa namna moja tu, namna aliyofundishwa na bibi yake. Kabla mtu yeyote hajatia mguu baharini, Shonelle alitangulia mpaka maji yamfike magotini, akalitaja jina la bibi yake kwa sauti, kisha akataja jina la kila mgeni, mmoja mmoja, mahali pale pajue panampokea nani. Aliyekuwa hajatajwa alisubiri mchangani. Darren, mwenye kampuni ya safari hizo, alikereka sana na shughuli hiyo kwa sababu ilichelewesha safari ya pili.

Ninahazwe alikuja kazini hapo baada ya mgongo kumgomea. Miaka mingi alikuwa akiogesha wazee na kuwageuza vitandani kwenye nyumba ya kulelea wazee karibu na kwake, Macquarie Fields, mpaka asubuhi moja akashindwa kuinuka. Akachukua leseni ya basi dogo. Kazi mpya ilikuwa kuendesha, kugawa suti za mpira na miwani na mirija ya kupumulia, na jioni kuzisuuza suti zote chumvi. Ilimpendeza, ila maji yenyewe hakuyasogelea. Mama yake alikufa maji kwenye Mto Malagarasi, usiku walipokuwa wakikimbilia Tanzania, Ninahazwe akiwa na miaka saba, baba amemshika yeye kwa mkono mmoja na mama kwa mwingine. Kwa hiyo wageni walipoingia baharini yeye alibaki kwenye lami, ameipa ghuba mgongo, akijitia kufuta vioo.

Shonelle alimwuliza sababu, naye akaambiwa. Hakusema pole. Jumatatu iliyofuata, siku isiyo na wageni, alimshika mkono wakaingia wote wawili mpaka magotini, akalitaja jina la bibi yake, akasema "Ninahazwe," kisha akauliza, "Na mama yako aliitwa nani?" Aliitwa Capitoline. Shonelle akalitaja na hilo. Ninahazwe alilia mpaka kamasi, na kiangazi chote kikaenda kwenye kujifunza kuelea. Siku alipoweza kutumbukiza uso na kupumua kwa mrija aliona mwani ukiyumba, sponji za manjano, matumbawe laini ya waridi yamesimama kama maua ya koliflawa, na pweza mmoja aliyekuwa akimchungulia kwa hasira kutoka kwenye tundu lake. Wageni wengi walilalamika kwamba matumbawe ya Sydney ni machache, kwa sababu picha walizoziona kwenye tangazo la kampuni zilipigwa kaskazini mbali kabisa. Ninahazwe alijisemea kimoyomoyo kwamba kuna watu hata peponi wataulizia huduma.

Mwezi wa nne mjomba wa Shonelle alifariki, Shonelle akaenda msibani. Ijumaa Darren alimwita Ninahazwe kwenye stoo ya suti.

"Safari ya kesho iko palepale," alisema.

"Shonelle hayupo."

"Wewe upo. Yale maneno yake umeyasikia mpaka umeyachoka." Alimrushia fulana ya Shonelle, ile yenye neno MWENYEJI kwa herufi kubwa mgongoni na kifuani. "Nikwambie ukweli? Wageni watafurahi zaidi. Wewe unafanana na kazi yenyewe."

Ninahazwe alirudi nyumbani na ile fulana ndani ya mfuko wa plastiki, akampigia simu Léonie, Mkongo wa Uvira wanayesali naye kanisa moja, anayefanya kazi ghalani kule Port Botany. Alitaka mtu wa kukasirika naye. Akamkosa.

"Dada yangu, vaa ile chemise," Léonie alisema. "Boss anakupatia promotion, wewe unaanza kulia? Sisi ba casual, ba kibarua, ukikatala mara moja, roster ya kazi haikuone tena. Bazungu banatuona batu beusi bote ni bamoja. Leo hiyo itakusaidia, acha ikusaidie."

Na alivaa. Hilo lisifichwe. Jumamosi alishuka mchangani na fulana ya Shonelle juu ya suti ya mpira, na wageni wakapiga makofi. Hakuna aliyesema "ah". Walimwangalia kwa macho ya upole yasiyokuwa na swali, macho ambayo Shonelle hakupata kuangaliwa nayo hata siku moja kwenye ardhi yake mwenyewe, na mtu mmoja akawa anapiga picha na kupiga tena. Ninahazwe aliingia mpaka magotini. Jina la bibi lilikuwa limeshafika ulimini. Alilijua vizuri, na matamshi yake aliyajua. Ndipo akajiona mwizi aliyeingia nyumba ya msiba, akatema mate baharini na kugeuka.

"Mimi ni Mrundi," aliwaambia. "Mwenye maneno haya amekwenda kuzika mjomba wake. Mimi ni dereva."

Wakatazamana. Kisha mzee mmoja mwenye sauti nzuri ya kubembeleza akasema, "Haidhuru, mama. Wewe sema tu. Sisi hatutajua tofauti."

Hasira ikampanda mpaka masikio yakavuma. Aliivua ile fulana hapohapo ndani ya maji, akaikunja ikiwa imelowa, akaenda kukaa kwenye basi. Walijiingilia wenyewe, bila kutajwa, wakapiga mbizi, wakarudi wakiwa wamefurahi.

Alingoja kufukuzwa. Darren alifoka kwenye simu mpaka akapaliwa, lakini hakumfukuza, na haikupita siku mbili Ninahazwe akajua kwa nini. Léonie ndiye aliyemtumia kiungo kwenye simu, pamoja na maua matatu na neno félicitations, hongera. Ukurasa wa kampuni ulikuwa na picha mpya juu kabisa: Ninahazwe ndani ya maji, fulana kifuani, kidevu juu, nusu dakika kabla hajafungua kinywa. Chini yake waliandika, "Kutana na mwenyeji wetu halisi." Waumini wenzake walikuwa wanampongeza. Mchungaji alituma mikono ya kusali. Alimpigia Darren aiondoe, naye akamjibu kwamba tangu kampuni ianze hakuna picha iliyopendwa kama ile, kwa nini anakuwa mgumu hivyo.

Siku hiyohiyo alipika maharage na ndizi, sufuria kubwa ya kutosha watu wa msiba, akaendesha gari mpaka nyumbani kwa kina Shonelle. Hakuna aliyemwalika. Kwao Ninahazwe mtu hangojei kualikwa kwenye kilio. Unabeba chakula, unakwenda, unakaa. Shonelle alitoka mpaka getini na simu mkononi.

"Nimeiona nikiwa makaburini," alisema. "Binamu yangu ndiye aliyenionyesha. Jina la bibi ulilitaja?"

"Sikulitaja."

"Lakini ulivaa."

"Nilivaa."

Shonelle alipokea sufuria, akaishika kama mtu anayepima uzito wake, akaingia nayo ndani na kufunga geti. Ninahazwe alikuwa amejiandaa kukaa mpaka jioni. Alirudi kwenye gari akaupiga usukani kwa viganja, na hakujua anampiga Darren, Léonie au yeye mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata Shonelle alirudi kazini. Hakula mkate na hakufanya mzaha. Tangu hotelini mpaka ghubani hakumsemesha dereva, naye Ninahazwe hakuthubutu. Walipofika, Shonelle aliteremka na wageni mchangani, akawaomba wamwambie majina yao. Ninahazwe alikuwa nyuma ya basi akitoa suti.

Mwanamke mmoja, aliyevaa hereni za kasa, alicheka kidogo kwa aibu. "Samahani, usinielewe vibaya," alimwambia Shonelle. "Sisi tunamsubiri yule wa kwenye picha." Akanyoosha kidole kwa Ninahazwe. "Tulikuja kwa ajili ya mwenyeji halisi."

"Mimi ndiye mwenyeji," Shonelle alisema. "Hapa ni kwetu. Yule ni dereva."

"Bila shaka," mwanamke alisema, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto, na kidole hakukishusha. Wengine walikwisha kugeuka, wanamtazama Ninahazwe na kutabasamu.  Mabega yalimshuka Shonelle. Alisimama kwenye mchanga wa bibi yake akiwa mgeni mbele ya wageni.

Ninahazwe alizitupa suti chini.

"Rudini garini," alisema. "Wote."

Walidhani kuna papa. Walipanda haraka, na Shonelle akapanda mwisho, akakaa kiti chake cha mbele bila kuuliza. Ninahazwe aliwasha gari akageuza kufuata njia waliyojia. Walipofika usawa wa Port Botany, kontena zimepangwa pande zote na malori yamewabana mbele na nyuma, minong'ono ikawa kelele, na mtu akauliza wanapelekwa wapi. Ninahazwe akachukua kipaza sauti, kile ambacho hakuwahi kukigusa kwa sababu kilikuwa cha Shonelle. Kabla hajakiwasha alimtazama mwenyewe. Shonelle alitikisa kichwa kumkubalia.

"Mama yangu alikufa maji," Ninahazwe alisema, kwa Kiingereza chake cha kambi ya wakimbizi na cha vitanda vya wazee. "Kambini Mtabila, Tanzania, tulikuwa na jirani mwanamke, mwema kwangu. Nilikuwa mtoto, nikamsimulia yote. Kanga ya kijani aliyovaa mama, namna alivyoita, namna baba alivyoachia mkono mmoja ili asiachie wangu. Siku watu wa kupeleka wakimbizi nje walipokuja kuhoji, yule jirani alitangulia. Akawaambia aliyekufa ni dada yake. Kanga ya kijani, sauti, mkono, vyote. Alilia vizuri. Wakampeleka Kanada."

Ninahazwe alisimamisha basi nyuma ya lori, akaendelea.

"Zamu yetu ilipofika nilisimulia mimi. Yule mama wa mahojiano alinisikiliza, halafu akaweka kalamu chini. Akamwambia baba yangu, 'Hii tumeshaisikia, kutoka kwa mwenyewe.' Wakatuandika waongo. Baba yangu alizikwa Mtabila, miaka mingi kabla mimi sijapata njia nyingine ya kutoka."

Lori la mbele lilisogea, naye akasogea. Yule mwanamke wa hereni alikuwa ameshika shingo yake. "Lakini sisi tungejuaje?" alisema, karibu kulia. "Kweli kabisa, tungejuaje?"

"Mliambiwa," Ninahazwe alisema. "Amesimama mbele yenu akawaambia. Na yule mama wa mahojiano, mimi nilimwambia."

Alizima kipaza sauti, akakirudisha mahali pake upande wa Shonelle, akawarudisha hotelini wakiwa wakavu.