Bosi wa Vidumu

Kabla hajastaafu, Bosi alikuwa mkuu wa stoo katika ofisi ya maji. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya dirisha lenye nondo na kuwaambia watu kwamba mabomba yamekwisha, na huku mabomba yenyewe yamerundikana mgongoni mwake hadi darini. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja. Mtu akija na hasira alimwacha apige kelele mpaka achoke, halafu akamwambia kwa upole, "Rudi wiki ijayo," na mtu akirudi wiki ijayo alimwambia vilevile, tena kwa upole uliozidi. Wenzake walimwita Bosi kwa kumtania. Yeye aliamini wanamheshimu.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani wakampigia makofi, naye akarudi nyumbani akiwa na afya njema, sauti nzima, na hana mtu wa kumnyima kitu.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mafuta, aliuza mafuta ya kupikia kwa rejareja katika chumba cha mbele. Kulikuwa na pipa, pampu ya mkono, faneli iliyoning'inia kwenye msumari na rafu ndefu ya vidumu vya manjano. Kila kitu kilikuwa mahali pake kwa miaka, na mama huyo angeweza kuhudumia wateja amefumba macho. Bosi akaanza ukaguzi. Akahamisha faneli. Akauliza kwa nini kitambaa cha kufutia pampu hakina kitambaa kingine cha akiba. Akaweka kiti mlangoni, akawa anawauliza wateja wametumwa na nani. Mama Mafuta alijikaza kisabuni, mpaka siku aliyotoka uani akamkuta mumewe amesimama mbele ya pipa lililojaa pomoni, akimwambia mteja bila kupepesa macho, "Mafuta yamekwisha. Rudi wiki ijayo."

"Mume wangu," alisema mama baada ya kumkimbilia mteja na kumrudisha, "tafuta kitu cha kufanya. Chochote kile. Ila kiwe mbali."

Ziwa lilikuwa mbali kidogo, na ndiko alikokwenda.

Habari za uvuvi wa vidumu alizisikia kwa kinyozi. Ni uvuvi usio na makuu. Unachukua kidumu kitupu, unakifunga kifuniko kisiingize maji, unafunga mshipi, kamba ya kuvulia, kwenye mkono wake wa kushikia. Kwenye mshipi unaweka kipande cha risasi cha kuuzamisha, halafu ndoana na chambo. Unavitupa vidumu ziwani jioni, vinaelea vyenyewe, wewe unakwenda zako kulala. Kambare akimeza chambo, kidumu kinazama mara moja, kinaibuka, kisha kinaanza kutembea juu ya maji kama mtu aliyechelewa kazini. Unakifuata na mtumbwi, unavuta mshipi, umemaliza.

Kilichomkosha Bosi ni kwamba katika uvuvi huu mvuvi hafanyi kitu.

"Yaani wanaovua ni vidumu," alimwambia kinyozi, akiwa na povu nusu ya kidevu. "Mimi ni usimamizi."

Basi akabeba vidumu vitupu vyote vya mkewe akavipaka rangi nyekundu. Havikumtosha, akabeba na vile ambavyo wateja walikuwa wameviacha vijazwe mafuta. Watu walipokuja kuuliza vidumu vyao, Mama Mafuta hakuficha kitu. "Kidumu chako kiko kazini," alisema. "Kikistaafu nitakurudishia."

Bosi hakuwa na mtumbwi na kuogelea hakujua, kwa hiyo alimtafuta mpiga kasia. Alimpata mtu mwembamba aitwaye Kimya, ambaye jina hilo hakupewa kwa bahati mbaya. Kimya aliweza kupiga kasia kutoka alfajiri hadi jua la utosi bila kutoa neno, na neno likitoka lilikuwa moja. Kwa Bosi, mtu huyu alikuwa zawadi kutoka mbinguni. Akakaa mbele ya mtumbwi, amevaa shati la mikono mirefu na suruali yake ya ofisini, akamfundisha Kimya ziwa ambalo Kimya alizaliwa kando yake. Akamfundisha upepo. Akamfundisha tabia za kambare, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemwona sokoni tu, tena amekatwa vipande.

Ugomvi wao mmoja ulikuwa wa chambo. Kimya alitaka utumbo wa kuku. Bosi aliona utumbo unanuka, na zaidi unachafua mikono. Alikata vipande vya sabuni, kwani alikuwa amesikia kambare anapenda sabuni. Hilo lina ukweli wake, lakini watu hutumia sabuni ya kufulia. Bosi alichukua sabuni ya kuogea ya mkewe, ile ya waridi.

"Samaki naye anataka usafi," alisema.

Wiki zikapita. Vidumu vyekundu vilielea ziwani vinapendeza, watu wa upande wa pili wakadhani kuna sherehe. Walipatikana kambare wachache, wembamba kama kamba za viatu, wa kuona haya ukipita nao njiani. Bosi aliwafunga kwenye gazeti na kuwapitisha uani. Lakini kwa kinyozi walikuwa wanakua. Aliwapima kwa mikono, na mikono ikawa inaachana kila wiki, mpaka siku moja kinyozi akamwambia, "Mzee, ukiendelea hivi utamgonga mteja wa kiti cha pili."

Hapo ndipo zikaja habari kwamba wakwe wanakuja. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mji mwingine, na wazazi wa mumewe hawajawahi kufika kwao. Walisema watakuja Jumapili, wao na binti na mumewe, wale chakula cha mchana pamoja. Mama Mafuta akaanza kuhesabu sahani na kusugua sufuria. Bosi akasafisha koo.

"Nyama msinunue," alisema.

"Kwa nini?"

"Wakwe zangu watakula kambare. Kambare mmoja, wa kujaza meza. Nimeshamwambia mkwe kwenye simu."

"Na usipompata?"

Bosi alimtazama mkewe kama alivyokuwa akiwatazama wale wa dirishani. "Nisipompata? Mimi?"

Mama Mafuta aliweka sufuria chini. Alikwenda kwa jirani, akanunua kuku wawili, akawaacha hukohuko wafungwe mguu, akarudi na kuendelea na sufuria zake.

Jumamosi jioni Bosi na Kimya wakatupa vidumu vyote. Usiku upepo ukavuma. Asubuhi walipofika, vidumu vilikuwa vimesukumwa kwenye matete, vimebanana kama abiria. Wakavuta cha kwanza. Ndoana tupu, inameta. Wakavuta cha pili, ndoana tupu. Wakavuta vyote vilivyokuwa kwenye matete, na kila ndoana ilitoka safi inanukia waridi.

"Wameoga," alisema Kimya.

Bosi alitaka kumkemea, lakini jua lilikuwa linapanda na meza ya wakwe ilikuwa inamjia akilini, pana, tupu. Ndipo alipokiona kidumu cha mwisho. Kilikuwa mbali na vingine, peke yake, na kilikuwa kinakwenda kinyume cha upepo. Kikazama. Kikaibuka. Kikakata kona.

Kitu ambacho Bosi hakukijua ni kwamba kidumu hicho Kimya alikuwa amekiwekea utumbo wa kuku, kimyakimya.

"Huyo! Huyo! Kulia! Nimesema kulia!" Bosi alisimama. Mtumbwi ukayumba. "Sasa kushoto! Unampisha ya nini? Ongeza mwendo!"

Wakakifukuza kile kidumu ziwa zima, kikawapeleka huku na kuwarudisha kule, mpaka wakakaribia ufuko mdogo ambako akina mama wachuuzi huparua samaki. Kidumu kikapita ubavuni mwa mtumbwi. Kimya akanyoosha mkono akishike. Bosi akaona heshima yote itachukuliwa na mpiga kasia, akajirusha mbele akishike yeye, akakishika kweli, na akaenda nacho.

Akazama, akaibuka amekikumbatia kidumu kama mtoto aliyepotea na kupatikana. "Nakufa!" alipiga kelele. Kambare, kwa upande wake, alikuwa amechoshwa na asubuhi hiyo, akavuta. Upepo nao ukasukuma. Bosi akaenda, miguu ikielea nyuma, akimwita Mungu, mkewe, na ofisi ya maji. Ile suruali ya ofisini, ambayo tangu astaafu ilikuwa inamkaa kwa hisani tu, ikajaa maji, ikateleza kiunoni, ikateleza magotini, ikaaga.

Kimya alikuja nyuma yake taratibu. Alitazama maji, akatazama kasia lake, ambalo alikuwa analitumia kusukumia kwa kugusa chini.

"Simama," alisema.

"Nini?"

"Simama, Bosi. Maji ni ya magoti."

Bosi akasimama.

Sasa, wakwe walikuwa wamepata lifti ya lori la mchanga na kufika mapema kuliko walivyosema. Lori liliwashusha karibu na ziwa, na binti akasema kwa kuwa bado mapema, twendeni tukamsalimie baba, atafurahi. Walikuwa wamefika ufukoni wakati ule wa kumwita Mungu. Kwa hiyo Bosi alipoinuka majini, shati limemganda, chini amevaa ile chupi ya kijivu ambayo mkewe alikuwa ameomba mara nyingi aitupe, walikuwepo wote wamejipanga: binti, mume wa binti, mkwe wa kiume amevaa koti na viatu vilivyong'arishwa, mkwe wa kike ameshika pochi kwa mikono miwili, na akina mama wachuuzi wote na visu vyao vimesimama hewani.

Kilichofuata akina mama wale wanakisimulia hadi leo. Bosi alijifunika kwa kidumu. Ndicho alichokuwa nacho. Lakini kidumu kilikuwa kimefungwa kwa kambare, na kambare hakuwa na habari na wakwe wa mtu. Akavuta kulia, kidumu kikaenda kulia, na Bosi akalazimika kukifuata kulia. Akavuta kushoto, wakaenda kushoto. Kwa muda mrefu, mzee aliyewahi kusumbua mji mzima kwa mabomba alicheza pale majini kama mtu anayefundishwa dansi na mwalimu asiyeonekana.

"Karibuni!" alisema huku akihema. "Karibuni sana wakwe! Hii ndiyo mbinu yenyewe. Inaitwa kumchosha samaki!"

Mkwe wa kiume, mtu mwenye adabu zake, ambaye alikuwa fundi saa na aliyezoea kutazama vitu vidogo bila kuonyesha mshangao, aligeuka akaanza kuangalia mawingu. "Ahsante, mkwe," alisema akiwa amempa mgongo. "Pole na kazi." Mkewe alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Mabega yalikuwa yanamtetemeka, na haikuwa baridi.

Binti alitaka ardhi ipasuke. "Mama mkwe atanisamehe," alisema, akamvua mumewe koti, akaingia majini na viatu vyake kwenda kumfunga baba yake kiunoni. Kimya naye alishuka, akaukamata mshipi, akauzungusha mkononi, akavuta mara tatu, na kambare akatua mchangani: mrefu kama mguu wa mtu mzima, kichwa kipana kama sinia, sharubu zinacheza. Akina mama wakapiga vigelegele. Bosi aliinua mkono kuwapungia, kisha akaurudisha haraka kwenye koti.

Mezani, kambare alijaza sinia na mkia ukatokeza nje. Mama Mafuta alikuwa ameshaambiwa kila kitu na kila mtu, lakini alipakua wali kwa uso mtulivu kabisa, na Kimya alikalishwa kiti kizuri kuliko cha mwenye nyumba. Bosi, sasa amevaa suruali nyingine na mkanda, akasimulia. Alisimulia jinsi alivyoona mapema kwamba upepo utageuka. Alisimulia alivyoamua kwa hiari yake kuingia majini, kwa kuwa samaki mkubwa lazima umfuate kwake.

Mkwe alisikiliza hadi mwisho, akichambua miiba. "Na suruali, mkwe?" aliuliza kwa heshima zote. "Mnaivua kabla, au samaki ndiye anayeivua?"

Mama Mafuta alikwenda jikoni kwa ghafla, kuchukua chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

"Inategemea," alisema Bosi.

"Aha." Fundi saa akanawa mikono, akamgeukia Kimya. "Ndugu yangu, na mimi unaweza kunipeleka leo jioni? Nina hamu nayo. Nitakaa tu, sitaongea."

Kimya, kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, alicheka kwa sauti. "Twende hata sasa hivi, mzee," alisema. "Utumbo wa kuku upo? Maana kwa jirani nimesikia kuku."

Wakaondoka wawili, fundi saa amekunja suruali yake nzuri hadi magotini. Wanawake walikuwa uani wamekaa kwenye mkeka, na kila baada ya muda sauti ya mkwe wa kike ilipasuka kwa kicheko, ikatulia, ikapasuka tena. Sebuleni alibaki Bosi na mume wa binti yake, kijana aliyeshiba na aliyesafiri tangu alfajiri juu ya lori.

"Sasa kambare," Bosi alimwambia, akisogeza kiti, "ukimwelewa saikolojia yake, hakusumbui."

Kijana alisema ndiyo, baba. Akasema ndiyo, baba, mara nyingine. Kisha kidevu kikamwangukia kifuani na mdomo ukafunguka. Bosi alimtazama, akateremsha sauti kidogo ili asimwamshe, akaendelea.