Dobi na Maji ya Sukari ya Kutema

Mume wangu ni dobi. Shati likikauka kupita kiasi huchukua funda la maji na kulipuliza kwa mdomo, fuu, manyunyu membamba, kisha pasi inapita. Nilimnunulia chupa ya kunyunyizia. Anazuilia nayo mlango usibamizwe na upepo.

Ugonjwa wake ni mbio za kilomita kumi. Mara mbili mfululizo alikunywa juisi katikati ya njia, tumbo likachafuka, akatapika na kurudishwa kwa machela. Mara ya pili nilimwapisha: akibebwa tena, anatundika daruga. Aliapa huku machozi yanamlengalenga, nami nikajiona katili, maana baada ya kushinda kwenye joto la pasi hana furaha nyingine.

Ndipo wifi yangu, mwalimu wa michezo, akamwambia, "Kaka, usinywe. Sukutua maji ya sukari, hesabu mpaka kumi, tema. Ulimi ukionja utamu, ubongo unapata moyo, na tumbo halijaguswa."

"Yaani niudanganye mwili wangu mwenyewe?"

"Mbona wateja unawadanganya kila siku kwamba nguo ziko tayari?"

Siku ya mbio nilisimama kilomita ya sita na chupa yake mkononi. Akaja uso umempauka, akapiga funda, na badala ya kusukutua akalipuliza lote, fuu, mgongoni kwa mteja wetu mmoja aliyekuwa mbele yake.

"Dobi! Mimi siyo shati!" yule bwana akafoka bila kusimama.

Nikasahau aibu. Nikakunja gauni, nikakimbia ubavuni mwa mume wangu, nikamtia chupa mdomoni tena. "Fumba! Moja! Mbili!" Watu wakavunjika mbavu. Nilipofika kumi akatema, akanitazama, akachanganya miguu. Mimi nikabaki nimeshika kiuno, natweta.

Sijui ilikuwa sukari au makelele yangu. Nilikata njia ya mkato hadi kwenye utepe wa mwisho, na kabla ya kumtafuta yeye nikatafuta machela. Ilikuwa tupu. Halafu nikamwona anakuja kwa miguu yake mwenyewe, fulana safi bila tone la matapishi, anacheka. Nilishusha pumzi, nikalia hadharani bila haya.

"Umeona, mke wangu? Sijabebwa."

Na mimi niliyemwapisha nikamuuliza mbio zijazo ni lini.