Komeo la Bure

Wagdi Abdeltawab wa Damanhur ana kazi mbili, na zote mbili anazifanya kivivu. Maneno hayo ni yake mwenyewe, sijamsingizia. Asubuhi yuko ofisi ya umwagiliaji akigonga mihuri kwenye karatasi za mifereji. Jioni yuko roshani kwake na pajama ya mistari, kompyuta mapajani, akishughulikia programu yake iitwayo Tirbas, yaani komeo. Ukiiweka kwenye kompyuta inafunga picha na mafaili yako kwa neno la siri, na mtu akilikosea neno hilo mara kadhaa, komeo linakataa kusikia lolote mpaka ipite saa nzima. Mpekuzi atachoka, ataenda zake kulala.

Programu hiyo ni ya bure. Baba yake alipofariki, Wagdi aliitoa iwe sadaka ya jariya, isiyokatika, thawabu zimfikie mzee kaburini kila mtu akifunga na kufungua. Ndivyo wanavyofanya waliofiwa mjini hapo: huyu hupeleka misahafu msikitini, yule hununulia hospitali kiti cha magurudumu. Wagdi aliweka na mashine ya maji baridi chini ya jengo lao, ina mabomba mawili na kikombe cha bati kilichofungwa kwa mnyororo. Ila moyo wake ulikuwa kwenye komeo. Watu walilichukua kuliko alivyotazamia, na kila alfajiri alihesabu waliolipakua kwanza ndipo akatie udhu. Hilo, alisema, hakumwambia imamu.

Sasa ikaja ile Ijumaa ya mwisho wa Aprili, saa zinapopelekwa mbele nchi nzima. Wagdi aliitengeneza Tirbas katika ile miaka ambayo serikali ilikuwa imeifuta saa ya kiangazi, akaamini imefutwa milele, kana kwamba alikuwa mgeni nchini kwake. Siku chache baadaye alipata ujumbe kutoka Tanta, kwa mwanamke aitwaye Inshirah, mpambaji wa maharusi. Alisema usiku ule alikosea neno lake, komeo likamfungia. Mara saa ikaruka mbele, na komeo likamfungulia papo hapo ajaribu tena. “Bwana mhandisi,” aliandika, “ina maana mtu yeyote akisogeza saa ya kompyuta mbele anaweza kubahatisha mpaka apate? Mimi nina amana za watu humu.”

Mama huyo alikuwa amesema kweli tupu. Wagdi alisoma, akaona kosa lilipo, akaona na dawa yake. Kisha akafanya kile mtu mwenye shahada hufanya akionyeshwa kosa lake: akaandika jibu refu. Alieleza kwamba Tirbas ni sadaka, kwamba anayetoa sadaka hadaiwi, kwamba hana mshahara wala msaidizi, na kwamba ataliangalia jambo hilo inshallah. Jibu lilimchukua jioni nzima. Dawa yenyewe ingemchukua muda wa kunywa chai.

Inshirah akaandika tena, naye akajibu, “Inshallah karibuni.” Akaandika mara ya tatu. Wagdi hakujibu, maana alikuwa na shughuli: alikuwa akitoa toleo jipya la Tirbas lenye picha ya komeo la rangi ya dhahabu. Kosa halikuguswa. Dhahabu ilipendeza sana.

“Ulimrekebishia yule mama wa Tanta?” mkewe Tahani alimuuliza.

“Nipo mbioni.”

“Mbioni na pajama, Baba Rawan?”

Ijumaa moja baada ya swala mlango uligongwa. Tahani alifungua, akamkuta mwanamke wa makamo, mnene, amevaa abaya nyeusi, mkononi ana boksi la haluwa ya Tanta. Alijitambulisha kuwa ni Inshirah. Alikuwa ameuliza ofisi ya umwagiliaji, bawabu akampa mpaka namba ya ghorofa. Wagdi, mtaalamu wa siri za watu, alichungulia kutoka chumbani, akatambua kwamba siri yake mwenyewe inalindwa na bawabu. Akarudi ndani kutafuta suruali.

Alipotoka alikuwa ameshajipanga. Hotuba alikuwa nayo tayari, aliifanyia mazoezi bafuni siku nyingi, na hotuba iliyopikwa haimwagwi.

“Bwana mhandisi,” Inshirah alianza, “samahani kwa kuvamia Ijumaa. Nina swali moja tu. Nilitaka kukuuliza kama...”

“Najua swali lako, dada yangu. Karibu sana. Kwanza unisikilize.”

“Hapana, ni kwamba mimi...”

“Nisikilize kwanza, kisha nitakusikiliza. Je, mimi nimekuuzia kitu? Sikukuuzia. Nimekulazimisha? Sikukulazimisha. Mimi nimeweka maji njiani kwa ajili ya marehemu baba yangu. Mpita njia akinywa, Mungu amnyweshe. Lakini je, mpita njia ana haki ya kunigongea mlango aseme, Wagdi, maji yako hayana baridi? Wapi? Kwa sheria gani? Ukipewa shibiri usichukue pima!”

Alinyanyua kidole. Kidole kilimpendeza, akakiacha juu. Inshirah alimtazama kwa subira ya mtu aliyezoea mama wakwe. Aliyejibu ni Tahani, akiwa ameshika sinia la chai.

“Maji? Leo unataka tuzungumze maji? Haya. Mwezi uliopita Zaghlul wa kupiga pasi alisema maji yana ladha ya kutu. Alisema mara moja tu, tena hakusema nawe, alikuwa anamwambia paka. Nani alishuka na pajama yake na bisibisi, akabadilisha chujio na jua lote lile?”

“Ile ni afya ya watu, Tahani.”

“Na huyu si mtu? Au kwa kuwa Zaghlul anakuona kila siku, unamwonea haya, na huyu yuko Tanta?”

Wagdi akateremsha kidole.

“Hakuna aliyekulazimisha kuweka maji,” Tahani aliendelea, sasa bila mzaha. “Usipoweka, mwenye kiu ataenda kwingine, ataishi. Ukishaweka ama uyasafishe, ama ugeuze kikombe uandike, hakuna maji hapa. Usimwache mtu anywe akidhani ni salama, halafu ukamwambia, nilikupa bure. Bure gani hiyo? Tumbo ni lake!”

Yapo maneno ambayo mtu anaweza kuyapinga, na yapo ambayo anaweza tu kuyakimbia. Wagdi alikimbilia chumbani. Aliifungua Tirbas akaliona kosa limekaa palepale, halijifichi, kama mgeni aliyesahaulika sebuleni. Programu ilikuwa ikiuliza saa ya kompyuta, ambayo yeyote huisogeza kwa kidole. Akaifanya ihesabu yenyewe dakika zinazopita, isimuulize mtu. Mistari michache. Akaijaribu, akasogeza saa mbele na nyuma, komeo likagoma. Akaitoa kwa watu wote, na kwa mara ya kwanza akaandika waziwazi juu yake kosa lilikuwa nini na kwamba lilikaa muda mrefu kwa sababu yake. Alijisikia mwepesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alijiambia, nami nimeziba ufa. Alikuwa ameanza tena kujipenda, na njia ya kutoka chumbani hadi sebuleni ilimtosha kabisa kwa kazi hiyo.

“Tayari, dada yangu!” alisema. “Chai yako haijapoa. Sasa hata shetani akisogeza saa haingii.”

“Mungu akulipe kheri,” Inshirah alisema. “Litawafaa wengine.”

“Wengine? Na wewe?”

“Mimi sina cha kufungia tena, bwana mhandisi. Nimefuta.”

Hapo ndipo Wagdi alipokaa chini na kusikiliza, jambo ambalo alipaswa kulifanya tangu mgeni alipovuka kizingiti. Inshirah alisema polepole, huku akizungusha kikombe. Saluni yake hupiga picha za maharusi usiku wa hina, wakiwa wenyewe kwa wenyewe, nywele wazi, mikono wazi, wanacheza. Picha za namna hiyo hazitoki nje, hata bwana harusi haonyeshwi. Maharusi humwachia yeye kwa sababu majumbani mwao kuna kaka na watoto wadadisi na simu zinazozagaa, na kwake kuna komeo. Shemeji yake, mwenye nusu ya duka, huja jioni kutumia kompyuta hiyohiyo kwa mahesabu. Asubuhi moja Inshirah aliiwasha, akakuta saa inaonyesha tarehe ya mwezi unaofuata.

“Nikajua ameanza kubahatisha,” alisema. “Ningefanyaje? Nimgombeze, kesho atasema nina nini cha kuficha. Nilikuandikia ile mara ya tatu, nikangoja. Nikalala nayo kitandani ile kompyuta, mume wangu akacheka mpaka akakohoa. Mwisho nikaona, hawa ni mabinti za watu. Nikafuta zote.”

“Ulifanya vema,” Wagdi alisema, kwa sauti ndogo.

“Nilifanya vema. Lakini Nirmin naye alikuwa humo.”

Nirmin alikuwa bi harusi wake wa miaka mitano nyuma. Alifariki kwenye uzazi kabla ya mwaka kwisha, yeye na mtoto. Picha alizoacha kwao ni za kitambulisho na za harusi, zote kajifunika. Mama yake hakuwa na picha nyingine yoyote ya mwanawe akiwa na nywele zake wazi isipokuwa ile ya usiku wa hina, na aliogopa kuichukua nyumbani, isije ikaangukia macho ya wasiohusika na binti mwenyewe hayupo kujitetea. Kwa hiyo kila Alhamisi asubuhi, kabla wateja hawajafika, mama huja saluni. Inshirah humfungulia. Mama hutazama, hunywa chai, huenda zake sokoni.

“Alhamisi iliyopita nilimwambia umeme umekatika,” Inshirah alisema. “Na taa inawaka juu yetu. Akasema haya, mwanangu. Ndilo swali nililokuja nalo. Kilichofutwa na Tirbas kinaweza kurudi?”

Tahani aligeuka akamtazama mumewe kwa matumaini. Wagdi alitamani angekuwa tapeli, angekuwa mwizi, angekuwa na mlango wa nyuma kama wenye programu wote wanavyodhaniwa. Lakini alikuwa ametangaza kwa herufi nene kwamba Tirbas ikifuta imefuta, hata aliyeiunda hawezi kurudisha. Katika kazi yake yote hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo haikuwahi kuwa na kasoro. Alitumia miezi kuihakikisha.

“Hakirudi,” alisema.

Inshirah akatikisa kichwa, kama mtu aliyelijua jibu akataka tu kulisikia kwa mwenyewe. Akafunga mkoba.

“Utamwambia nini?” Tahani akamuuliza.

“Sijui, dada.”

“Usimwambie kitu,” Wagdi alisema. “Nitamwambia mimi.” Kisha akaogopa alichokisema, maana alijijua, na akaongeza haraka kabla hajapata muda wa kujitengenezea hotuba, “Alhamisi hii.”

Alhamisi alichukua ruhusa ofisini, wakapanda treni ya asubuhi yeye na Tahani. Njia nzima alitunga maneno ya kuanzia, akayatupa, akatunga mengine. Tahani alimwacha. Saluni ya Inshirah ilikuwa juu ya duka la vitambaa, na mlangoni kulikuwa na pazia zito la waridi ambalo mwanamume halivuki. Tahani akaingia. Wagdi alibaki kwenye ngazi, uso kwa uso na kitambaa cha waridi, kofia mkononi, kama mwanafunzi aliyetolewa nje ya darasa. Alimsikia mama yake Nirmin akikalishwa kitini, alisikia nyayo zake zikiburuzika.

“Mama,” alisema kwa pazia, “mimi ndiye mwenye lile komeo lililofunga picha ya binti yako. Lilikuwa na kosa. Niliambiwa, nikachelewa kulirekebisha, na dada Inshirah akalazimika kufuta ili kuwalinda wote. Picha haipo tena na haiwezi kurudi. Kosa si lake, ni langu. Ningeweza kulitengeneza siku ileile.”

Hakusema bure. Hakusema sadaka. Nyuma ya pazia kikombe cha chai kikawekwa chini. Wagdi alingoja matusi kwa hamu. Angeyapokea kama chakula.

“Wewe uliiona?” mama aliuliza.

“Nini, mama?”

“Hiyo picha. Wewe mwenye komeo. Uliwahi kuiona?”

“Sikuiona, mama. Wallahi. Siwezi kuona vya watu.”

“Hukuiona,” alisema mama. “Basi nywele zake zilikuwa zinafika hapa.”

Wagdi hakuweza kuona mkono ulioonyesha pale ulipofika.

“Kiunoni,” Tahani alimwambia kutoka ndani, akilia.

“Zikilowa zilikuwa nyeusi kabisa,” mama aliendelea, “zikikauka zina wekundu, kama za bibi yake. Hakupenda kuchanwa. Nilikuwa namshika kwa magoti hivi, yeye analia, mimi nachana. Usiku ule Inshirah alimwekea ua upande huu, yeye akaliondoa akaweka upande mwingine. Mbishi.”

Aliyaeleza yote hayo kwa mwanamume asiyemjua, yale ambayo mwanamume asiyemjua hakupaswa kamwe kuyajua, kwa kuwa sasa hapakuwa na mahali pengine pa kuyaweka. Wagdi alisimama kwenye ngazi akisikiliza, hakumkatiza hata neno moja, mpaka wateja wa kwanza wakapanda na kumwomba apishe njia.