Paketi Sita za Chumvi

Vestina wa Nyakitonto hanunui kibiriti bila kukiandika. Ana kaunta buku yenye jalada jeusi, na kila ukurasa ameugawa kwa rula sehemu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Sasa yuko kwenye daftari la saba. La kwanza alilifungua mwaka 2004, wiki aliyoolewa na Makarius. Mimi ni jirani yake na katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ndiyo maana madaftari hayo nimeyaona. Haya ninayoyaandika nimemsomea, na mawili matatu amenisahihisha.

Alimaliza kidato cha nne Kasulu kwa alama ambazo hazikumfikisha mbali, ingawa hesabu alipata C na anaitaja hadi leo. Majirani humtania. Ukipita kwake ukanywa maji unasema, "Mama Esteri, usiniandike." Naye hujibu bila kucheka, "Maji ya kisima hayaandikwi. Ungekunywa chai ningekuandika."

Makarius hakuwahi kulilalamikia daftari, angalau si kwa mdomo. Wanalima ekari moja nyumbani na ekari mbili za kukodi Kagerankanda, ambako yeye hukaa wiki mbili mbili kwenye kibanda, kisha anarudi kwa ajili ya misa na nguo safi. Akirudi hutaja kilichouzwa, na Vestina huandika. Akiondoka Vestina huandika alichobeba: unga, dagaa, sabuni, kibiriti, chumvi.

Jumatatu ya tarehe tatu Juni, mwaka 2024, binti yao Esteri alituma ujumbe kutoka Kibondo, anakosomea uuguzi. Ada iliyobaki ilikuwa shilingi laki nne na sitini. Asiyemaliza kulipa hadi Jumatatu ya tarehe kumi na saba hangeingia kwenye mtihani, na asiyefanya mtihani angerudia mwaka. Vestina alifungua daftari. Kilichobaki: 83,500.

Kikundi kilikuwa kimeshamkopesha mwezi Machi, na sheria yetu hairuhusu mkopo juu ya mkopo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia hivyo, na haikunifurahisha. Akarudi nyumbani kutafuta mahali pa kubana. Akaanza mwezi Januari, mstari kwa mstari, kwa kalamu nyekundu.

Sukari ilikuwa imeshapungua. Sabuni haikubadilika. Alipofika kwenye chumvi alisimama.

Januari Makarius alibeba paketi moja kwenda shambani. Februari mbili. Machi na Aprili nne nne. Mei, paketi sita za nusu kilo. Hapo nyumbani walikula paketi moja kwa mwezi, na wageni wakiwemo. Kila mara aliziandika kwa mkono wake, mia tano mia tano, na kwa kuwa ni mia tano hakuuliza. Sasa aliuliza, na jibu lililomjia kwanza ni lile ambalo lingemjia mwanamke yeyote. Chumvi ikizidi, midomo imezidi.

Akakumbuka jambo jingine. Zamani Makarius alikuwa akirudi kutoka Kagerankanda amekonda, macho yameingia ndani. Tangu Pasaka alikuwa akirudi na mashavu. Mwanaume anayejipikia hana mashavu.

Alikwenda sokoni kwa Pelagia, dada yake Makarius, ambaye huuza chumvi na dagaa.

"Wifi," alisema Vestina, "kaka yako anakula chumvi kiasi gani?"

"Kwani umekuja kumpima?" Pelagia alicheka. "Tangu utotoni anakula kinachowekwa. Ungempa majani angesema asante."

"Mwezi wa tano amebeba paketi sita kwenda shambani."

"Sita?" Pelagia aliacha kupanga mafungu ya dagaa. "Na zile anazochukua hapa?"

"Anachukua hapa?"

"Si ndiyo njia yake? Akipita anachukua tatu, nne. Mimi nilidhani umemtuma."

"Anachukua kwa mkopo?"

"Makarius akopeshwe na mimi? Analipa taslimu, wifi. Noti nzimanzima." Kisha akaona uso wa Vestina na kujaribu kurekebisha. "Usianze sasa. Kaka yangu hana mwanamke. Hana hata viatu."

"Viatu ninajua hana. Viatu ningeviandika."

Hapo ndipo shaka ilipobadilika uzito. Chumvi iliyobebwa kutoka jikoni ilikuwa kwenye daftari, lakini noti za kumlipa Pelagia hazikuwa kwenye daftari lolote. Kulikuwa na pesa inayoingia mahali pengine. Vestina aliporudi nyumbani aliyatoa madaftari ya nyuma na kutafuta maharage. Mwaka 2021, Kagerankanda iliwapa magunia manane. Mwaka 2022, matano. Makarius alisema mvua ilikatika mapema. Mwaka 2023, matano, mvua tena. Januari ya mwaka huu, matano.

"Mvua inaweza kukosea," aliniambia. "Lakini ikosee kwa idadi ileile miaka mitatu? Hiyo mvua inajua kuhesabu."

Magunia tisa, basi, yalikuwa yamepotelea kwa mtu. Alipiga hesabu kwa bei ya kila mwaka na hakunitajia jumla, nami sikuuliza.

Makarius alirudi Jumamosi. Vestina alimpokea mzigo. Jumapili baada ya misa alipika maharage bila kutia hata chembe ya chumvi, akampakulia na ugali, akakaa mbele yake na kumtazama. Makarius alikula. Alimaliza, akasogeza sahani, akaomba ya pili.

"Maharage yakoje?"

"Matamu."

"Hayajapungukiwa kitu?"

"Kitu gani? Matamu, nimesema."

Mtu wa paketi sita kwa mwezi alikuwa amemaliza sahani mbili za maharage ya chukuchuku. Chumvi ile, basi, haikuwa ya mdomo wake. Vestina aliondoa vyombo na kumweleza habari ya ada.

Makarius aliinamisha kichwa. "Sina, Mama Esteri. Maharage bado yanakauka. Tungoje mwezi wa saba."

"Mtihani haungoji mwezi wa saba."

"Basi arudie mwaka. Wengine wanarudia."

Kauli hiyo ilimuuma kuliko chumvi. Jumatatu asubuhi Makarius alifunga mzigo wake kwenye baiskeli. Kabla ya kuondoka aliingia jikoni, akachukua paketi mbili za chumvi kutoka rafuni. Vestina aliandika: chumvi 2, shambani.

Jumatano alichukua bodaboda kwenda Kagerankanda bila kuaga mtu isipokuwa mimi. Kwenye mfuko alikuwa na daftari, kalamu na kanga ya kubadilisha. Alifika kwenye saa nne. Makarius hakuwepo, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba tu. Aliingia akaanza kuhesabu. Sufuria moja. Sahani moja. Kijiko kimoja. Kitanda cha mtu mmoja, tena mwembamba. Hakuna kanga, hakuna kitana, hakuna mafuta ya kujipaka. Mwingine angetulia. Vestina alizidi kushuku, maana kibanda kisicho na dalili hata moja kinaweza kuwa kimefagiliwa. Alichokuta ni kibuyu nyuma ya mlango. Alikinusa. Maziwa.

Paketi za chumvi hazikuwepo, wala karatasi zake.

Alikuwa ametoka nje, bado ameshika kibuyu, alipotokea mzee mmoja mwenye kofia ya sufu na fimbo, ameshika kopo tupu.

"Mwakeye, mama," alisalimia.

"Mwakeye, mzee."

"Umeleta chumvi?"

Vestina aliweka kibuyu chini polepole. "Chumvi ya nani?"

"Ya hawa." Mzee alielekeza fimbo upande wa bondeni. "Zile mbili alizoleta juzi zimeisha. Mkubwa analamba mpaka jiwe. Nilimwambia Makarius, mimi ninachunga, sinunui chumvi. Chumvi ni ya mwenye ng'ombe, ndivyo tulivyokuta."

Kwetu desturi hiyo inajulikana. Unamkabidhi mtu ng'ombe akuchungie. Yeye hunywa maziwa na kukugawia kidogo, huchukua mbolea, na ndama wa tatu huwa wake. Lakini chumvi hutoka kwa mwenye mali, na asiyepeleka chumvi husemwa kijiji kizima.

Vestina alitazama bondeni. Jike mkubwa mwekundu, mtamba mweusi, na ndama dume aliyekuwa akichezea mkia wa mama yake.

"Wote watatu ni wa Makarius?"

"Wote. Yule mkubwa alimnunua mwaka juzi, akiwa na mimba. Mtamba alifuata. Kwani wewe ni nani yake?"

"Mke wake."

Mzee, ambaye jina lake ni Nizigiyimana, alivua kofia, akaivaa tena. "Basi mimi sijasema kitu," alisema, akaketi palepale kwenye nyasi ili asikie mengine.

Makarius alitokea shambani na jembe begani. Alimwona mkewe, akamwona mzee, akaona kibuyu nje. Hakuuliza amefikaje.

"Yuko wapi?" alisema Vestina.

"Nani?"

"Wa mashavu yako. Nimemtafuta ndani sikumpata. Nimeonyeshwa yuko bondeni, ana miguu minne."

Nizigiyimana alikohoa kuficha kicheko.

"Ni ng'ombe tu, Mama Esteri."

"Ng'ombe tu! Ningekuta mwanamke ningejua nimeibiwa na mtu. Nimeibiwa na mume wangu, magunia tisa, na mtoto anaambiwa arudie mwaka."

"Sijakuibia. Ng'ombe hao hapo."

"Kwa nini hawamo kwenye daftari?"

Makarius aliangusha jembe chini. Vestina anasema katika miaka ishirini hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

"Kwa sababu kikiingia kwenye daftari hakitoki mzima! Pesa haijakauka mkononi mwangu, umeshaipa jina. Hii ya mbolea, hii ya kikundi, hii ya msiba wa kwenu. Miaka yote ninalima, ninakuletea, unaandika, kinabaki elfu nane. Nilitaka kuwa na kitu ambacho hakijaulizwa. Kikue. Ng'ombe ukimwandika, umeshamuuza."

"Angekua awe wa nani? Wa mke mwingine?"

"Mke mwingine nimweke wapi? Umeona kitanda."

Vestina alikuwa amekiona, na alikubali kwa moyo mzito kwamba kitanda kile kilisema kweli. Lakini mengine hakuyakubali. Alifungua daftari juu ya goti na kumsomea mzee Nizigiyimana, kana kwamba ndiye hakimu: magunia manane, matano, matano, matano; ada 460,000; kilichobaki 83,500; siku zilizobaki tano.

"Mzee, ungekuwa wewe?"

"Mimi nachunga tu," alisema Nizigiyimana. Kisha akaongeza akitazama nyasi, "Lakini mtamba ana umri wa kuuzika."

Makarius alijaribu kumtoa ndama dume. Vestina aliuliza bei ya ndama, akaambiwa laki mbili, labda na nusu kwa mwenye huruma. Akafunga daftari. Makarius alishuka bondeni, na alipopanda alikuwa ameshika kamba ya mtamba mweusi.

Jumamosi walikwenda mnadani wote wawili, kwa kuwa Vestina alikataa kubaki. Mnunuzi alikuwa Omary, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kasulu mjini. Alimzunguka mtamba mara mbili, akambonyeza mbavu.

"Laki nne na nusu, bwana. Amekonda."

"Amekonda?" Vestina aliingilia kabla mumewe hajafungua mdomo. "Huyu amekula chumvi kuliko nyumba yangu nzima. Nina maandishi."

Omary alimtazama Makarius. "Shemeji huyu ndiye mwenye ng'ombe?"

Makarius alisitasita. "Ongea naye," alisema.

Wakaishia laki tano na kumi. Omary alizihesabia mkononi mwa Makarius, naye Vestina alizifuata noti kwa macho hadi ya mwisho. Walikwenda pamoja kwa wakala wa pesa za simu, wakalipa laki nne na sitini kwa namba ya malipo ya chuo, na Vestina akasubiri ujumbe wa uthibitisho uingie ndipo akatoka chini ya mwavuli wa wakala. Elfu hamsini zilibaki kwa Makarius. Alizishika mkononi bila kuziweka mfukoni, na mkewe hakuzidai, ila alijua ziko wapi.

Simu ikalia kabla hawajafika barabarani. Ilikuwa ni Esteri.

"Mama! Imeingia! Wameniandika kwenye mtihani. Mmepata wapi? Baba alisema hakuna."

Makarius alikuwa karibu kiasi cha kusikia. Alimtazama mkewe na kutikisa kichwa polepole, akiomba. Vestina alimpa simu.

"Muulize mwenyewe," alisema kwa sauti ili binti asikie.

Makarius aliiweka simu sikioni kwa mikono miwili. "Nimeuza ng'ombe," alisema.

"Ng'ombe gani, baba? Kwani tuna ng'ombe?"

Watu walikuwa wakipita na mbuzi wao. Makarius alisubiri wapite.

"Tunao," alisema. "Wawili."

Vestina alihesabu kimyakimya: jike mwekundu, ndama dume. Kwa siku ile, idadi ilikuwa sawa.